Kasha la Betri na Hewa Yake

Betri ya risasi na tindikali hutoa gesi inapokaribia kujaa chaji. Kwa betri ya volti 12, ikipita takriban volti 14.4, umeme huyachambua maji yaliyomo kuwa haidrojeni na oksijeni. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Nayo ni nyepesi, hivyo hupanda na kujikusanya darini au chini ya kifuniko cha kasha.

Nchini Kenya, miaka ya 1980, sola ilipoanza kuingia majumbani, nyumba nyingi zilikuwa zikiwasha televisheni kwa betri ya gari iliyopelekwa kwa baiskeli hadi duka la kuchaji. Mwenye duka makini alizipanga betri barazani juu ya mbao, akafungua vifuniko vyote sita vya kila moja na kutazama mapovu. Harufu ya tindikali ilikereketa koo, na matone yake yalitoboa suruali. Sigara haikusogezwa hapo. Chaja ilizimwa kwanza, ndipo vibanio vikatolewa, maana kibanio kikichomolewa umeme ukiwa unapita hutoa cheche. Maji ya betri yaliongezwa baada ya chaji ili tindikali isifurike. Ilikuwa shule nzuri, isiyo na cheti.

Mafundi waangalifu wa sola walitumia mafunzo hayo hayo. Kasha lilitobolewa chini upande mmoja hewa iingie, na juu kabisa upande wa pili gesi itoke hadi nje ya nyumba. Wavu ukazuia mijusi. Swichi, fyuzi na kidhibiti chaji vilifungwa pembeni, nje ya kasha, kamwe si juu yake.

Kisha zikaja betri zisizoongezwa maji, na baada yake lithiamu. Betri iliyofungwa ina vali, na ikichajiwa kupita kiasi huachia haidrojeni. Lithiamu haitoi gesi katika chaji ya kawaida, lakini huhitaji nafasi ya kupoa. Tofauti hizi zimesahaulika, na inaudhi kukuta betri ya maji imefungiwa kabatini chumbani wanakolala watoto.

Mnunuzi na aulize aina ya betri kabla kasha halijatengenezwa. Ikiwa ni ya maji na kasha halina tundu la juu, kazi haijaisha, na fundi asilipwe hadi alitoboe.