Mapambo ya Nyumba na Mashubaka ya Bibi

Si vizuri mtu kujisifu gazetini, na pengine si vizuri pia kujitangazia makosa. Lakini Mhariri ametuomba tuandike juu ya jambo tulilojifunza nje ya darasa, na mimi mwaka huu sikujifunza jambo kubwa kuliko lile nililofundishwa na ukuta wa nyumba yetu.

Kwetu ni Pangani, mji mdogo katika Mkoa wa Tanga, mahali mto wa Pangani unapoingia baharini. Nyumba yetu ni ya kale, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake zina unene wa karibu nusu mita, na dari imelazwa juu ya boriti za mikoko. Kwa kawaida boriti za mkoko hubeba dari ya chumba kisichozidi upana wa mita tatu hivi, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za namna hii huwa virefu na vyembamba. Katika ukuta mmoja wa ukumbi wetu mlikuwa na mashubaka saba. Kwa wenzangu wa bara wasioyajua, shubaka ni nafasi ya mraba iliyoachwa ndani ya unene wa ukuta, isiyotokea upande wa pili, ambamo watu huweka vitu vyao.

Mashubaka hayako kwetu peke yetu. Huko Lamu, ambako mji wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, huitwa zidaka. Katika nyumba za matajiri wa karne ya 18 zidaka zilipangwa safu juu ya safu mpaka zikaenea ukuta, zikatiwa nakshi za chokaa, na ndani yake vikawekwa vyombo vya kaure kutoka China. Yetu hayakuwa na nakshi yoyote. Yalikuwa mashubaka saba matupu ya chokaa, na mimi niliyaona ni matundu tu.

Bibi yangu hakuyaona hivyo. Bibi ana ugonjwa wa presha ya macho, na kwa miaka kadhaa sasa hawezi kusoma wala kumtambua mtu kwa sura. Huona mwanga na vivuli tu. Lakini ndani ya nyumba alitembea kama mwenye macho. Akitoka chumbani alinyoosha mkono wa kulia, akaupitisha ukutani taratibu. Shubaka la kwanza lilikuwa la Msahafu. La pili lilikuwa la chupa ya dawa ya matone ambayo hutia machoni asubuhi na jioni. La tatu, chetezo na udi. La nne, sahani moja nyeupe yenye maua ya buluu, aliyoachiwa na bibi yake. La tano, redio. La sita, mkebe wenye hati ya nyumba na barua za marehemu babu. La saba, taa ya chemni na kiberiti. Hakuna aliyeruhusiwa kubadilisha mpango huo, na mimi nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Basi, mwezi wa Desemba nilikwenda likizo nikiwa na haya moyoni. Rafiki yangu wa bweni, mwenyeji wa Bukoba, alikuwa na mjomba wake Tanga, naye aliahidi kuja kututembelea kabla ya shule kufunguliwa. Nilikuwa nimewasikia wenzangu bwenini wakisimulia kwao: dari za jipsamu, taa za rangi zilizofichwa pembeni, kuta za kijivu na televisheni iliyotundikwa kama picha. Nikautazama ukumbi wetu wenye mikeka, kasha la kale na matundu saba, nikaona aibu.

Kaka yangu anafanya kazi Dar es Salaam. Mwaka huo alituma fedha za kutengeneza nyumba, akasema mimi ndiye nisimamie, maana mama hutoka alfajiri kwenda kuuza samaki. Nikachukua simu ya mama, nikakaa siku mbili natazama picha za vyumba vya watu. Nilichagua kimoja kilichonipendeza kuliko vyote. Kilikuwa cheupe na kijivu, ukuta wake laini kama karatasi, na ndani yake hamkuwa na mtu hata mmoja. Nikamwonyesha fundi kijana wa saruji, nikamwambia, "Nataka hivi."

Tulifanya kazi siku tisa, na mimi mwenyewe nilichanganya saruji. Tuliziba mashubaka yote saba kwa mawe na saruji, tukapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wote, kisha tukapaka rangi ya kijivu. Juu tukapitisha utepe wa taa za LED. Makochi yalipofika hayakuweza kupita mlangoni mpaka tulipoyang'oa miguu, na yalipoingia tulibakiwa na njia ya kupita mtu mmoja tu. Vitu vya bibi nilivipanga katika kabati jipya lenye milango ya vioo, upande wa pili wa ukumbi. Sahani yake haikupatana na rangi ya kijivu, kwa hiyo niliifunga kwa gazeti nikaiweka kashani.

Bibi alikuwa ameketi uani, anasikia vishindo. Akaniuliza, "Mume wangu, mnapiga nini huko?"

Nikamjibu, "Tunapamba nyumba, bibi."

Akasema, "Vyema. Nyumba ikipambwa hupendeza." Hakuuliza zaidi, wala mimi sikumweleza zaidi. Kazi ilipokwisha nilimshika mkono nikampeleka kwenye kabati mara moja, nikamwambia, "Vitu vyako vimo humu." Nikaona nimetimiza wajibu.

Rafiki yangu alikuja mwanzoni mwa Januari. Nilimketisha kwenye kochi nikawasha taa, nikangoja sifa. Alitazama huku na huku, akasema, "Pazuri. Panafanana kabisa na sebule ya mjomba." Kisha akaniuliza kwa upole, "Na ile nyumba ya mawe uliyokuwa ukinisimulia iko wapi?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Alinyamaza. Baadaye, tulipokuwa tunakula, alinisimulia juu ya msonge wa babu yake huko Kagera, ambamo sakafu hutandikwa majani laini, na kwamba harufu ya majani yale mabichi ndiyo humwambia kuwa amefika nyumbani. Maneno yake yalinichoma kidogo, lakini niliyasahau haraka. Siku chache baadaye nilirudi shuleni.

Nilipokwenda tena likizo mwezi wa Juni, mvua za masika zilikuwa zimepita. Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya ukungu. Ukuta wa kijivu ulikuwa umefura malengelenge. Mahali pengine rangi ilining'inia kama ngozi ya nyoka, na chini yake palitoka unga mweupe wa chumvi. Nilisimama na sanduku langu mkononi, nikawaza juu ya fedha za kaka.

Wakati huo bibi akatoka chumbani. Hakujua kuwa nimefika. Alinyoosha mkono wa kulia, akaupitisha ukutani, akaenda nao polepole mpaka mwisho wa ukumbi. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Nikatambua kwamba anahesabu. Alipofika mwisho alisimama, akageuka, akaanza tena.

Nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu! Umefika?" Akacheka, akagonga ukuta kwa kidole. "Wewe mwizi mkubwa. Wenzako huiba kuku, wewe umeniibia ukuta."

Alicheka kwa utani kama desturi yetu, lakini mimi sikuweza kucheka.

Usiku ule mama alinieleza mambo ambayo hakutaka kuyasema kwa simu nikiwa masomoni. Bibi hakuweza kulizoea kabati. Mara mbili alijigonga kwenye makochi, na siku moja aliangusha chupa ya dawa ikapasuka. Tangu hapo mama ndiye aliyemtilia matone, lakini siku za kuwahi samaki alitoka usiku, na bibi akakaa bila dawa mpaka adhuhuri. Siku nyingine alikosa kabisa, naye hakumwambia mtu, kwa kuwa hapendi kuwa mzigo. Walipokwenda kupima macho, daktari alikuta presha imepanda. Ugonjwa huu haurudishi ulichokwisha kuchukua. Dawa hulinda kile kilichobaki tu. Zamani bibi aliweza kujua kama dirisha la kushoto limefunguliwa, kwa mwanga wake. Sasa hajui mpaka ahisi upepo.

Daktari hakujua habari ya ukuta, na hakuna mtu nyumbani aliyesema kwamba kosa ni langu. Labda presha ingepanda hata hivyo. Lakini mimi ndiye niliyechanganya saruji ile, na nilikesha usiku huo nikiwaza.

Kesho yake nilikwenda kumwita mzee mmoja jirani yetu, fundi wa chokaa wa zamani. Alibandua kipande cha lipu kwa kucha, akanifundisha jambo ambalo sikulipata katika picha zote nilizotazama. Chokaa ya kwetu hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe, kwa hiyo lipu ya chokaa na jiwe la ukuta ni ndugu. Ukuta wa namna hii hunywa unyevu wa ardhi na wa mvua, kisha huutoa nje kidogo kidogo kupitia chokaa. Saruji ni nzito, haipitishi. Ukiufunika ukuta kwa saruji, unyevu hukwama ndani pamoja na chumvi yake, na chumvi ikikauka na kuganda husukuma lipu mpaka ibanduke. "Saruji si mbaya," alisema, "ila si ya nyumba hii. Ulimvika mtu koti la mpira mwezi wa Januari, halafu unashangaa anatoka jasho."

Nilimpigia kaka simu, nikamweleza yote bila kuficha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Chokaa bei gani?"

Tukaanza kubomoa. Nilimwuliza bibi tuanze na shubaka lipi, nami nilitazamia atasema la Msahafu. Akasema, "La pili. La dawa." Nikashika tindo na nyundo, nikazibua polepole, mzee akinisimamia ili nisivunje kingo. Kwa muda wa wiki mbili tulifaulu kurudisha mashubaka manne kama yalivyokuwa. Mawili yalivunjika kingo, tukayatengeneza kwa chokaa, lakini mkono huhisi kwamba si yale. La saba limebaki limezibwa, maana jiwe la juu yake lilikuwa limepata ufa. Kabati tuliliuza, na makochi tukabakiza moja.

Nilipoitoa sahani ya bibi kashani niligeuza kitako chake kwa mara ya kwanza, nikasoma neno Maastricht. Huo ni mji wa Uholanzi. Nilikaa nayo mapajani nikafikiri. Kumbe sahani niliyodhani ni ushamba wa kwetu nayo ilikuwa mtindo wa kigeni siku zake, iliyokuja kwa meli! Hata makaburi ya kale ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalipambwa kwa vyombo vya Kichina. Basi wazee wetu hawakuogopa vitu vipya. Tofauti yao na mimi ni hii: wao walichukua kitu cha kigeni wakakipa mahali katika nyumba yao, mimi nilichukua nyumba yetu nikajaribu kuiingiza katika picha ya mtu mwingine. Na picha ile, kama nilivyosema, haikuwa na mtu ndani.

Kwa hiyo simwambii msomaji asipake rangi wala asinunue taa. Utepe wa LED bado upo, na mama hushonea chini yake usiku. Ninalosema ni kwamba kabla ya kuipamba nyumba, mtu aulize kwanza nani anaishi humo, na mikono yao hupita wapi. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi niliitumia methali hiyo katika insha nikiwa Kidato cha Pili nikapata alama nzuri, wala sikuielewa.

Siku ya kurudi shuleni niliamka alfajiri. Mama alikuwa amekwisha kutoka. Nilimwona bibi akija katika giza la ukumbi, mkono wa kulia ukutani. Alipita shubaka la kwanza, akasimama kwenye la pili, akatwaa chupa yake, akainua uso, akatia tone moja huku na tone moja huku. Kisha akairudisha chupa mahali pake. Sikusema neno mpaka alipomaliza. Ndipo nikamwamkia, nikambusu mkono, nikachukua sanduku langu nikaenda stendi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne