HERUFI ILIYOMSHINDA KOGO

Wahenga walinena kuwa elimu haina mwisho. Kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alijiunga na ngumbaru akiwa amekwisha kula chumvi nyingi, huko Mogogosiek, Bomet. Asubuhi huchuma chai, alasiri huketi dawatini. Sababu yake ilikuwa moja: kila bonasi ilipofika, karatasi ya malipo alisomewa na wengine, naye akabaki kuitikia tu.

Likizo ya Aprili nilijitia mjuzi. Nilimchapia kwa kompyuta hadithi fupi kuhusu ng'ombe wake. Aliikodolea macho, akanyamaza. Hatimaye akauliza, "Lakwet, hii ni herufi gani?"

"Ni a, Kogo."

"A wapi! Mwalimu huandika duara na kijiti. Hii imevaa kofia!" Akaikunja karatasi, akanirudishia. "Labda mimi si wa kusoma."

Maneno hayo yalinichoma kama mkuki, kwani kosa halikuwa lake.

Shule zilipofunguliwa nilimsimulia mwalimu wetu wa kompyuta. Akacheka, kisha akanionyesha fonti iitwayo Andika. Jina ni la Kiswahili chetu, ingawa walioichora ni shirika la SIL International, kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma. Humo, a ni duara na kijiti, g ina mkia mmoja tu, na herufi zinazofanana zimechorwa zisichanganywe. Tena ni ya bure!

Mwalimu akaniambia kuwa Wachina nao wana jambo kama hilo. Mwandiko wao wa brashi uitwao kaishu ulikomaa enzi ya Tang (618–907). Leo fonti za Kaiti, zilizotokana na mwandiko huo, hutumika katika vitabu vya shule za msingi, ili mtoto aione herufi jinsi mkono unavyoiandika. Kumbe Kogo hakuwa mjinga! Alitaka tu kitabu kifanane na ubao.

Agosti nilirudi na hadithi ile ile, safari hii kwa Andika. Kogo alisoma huku kidole kikitangulia, polepole kama mtu avukaye mto, mpaka neno la mwisho. Hakusema kitu. Aliingia chumbani, akatoka na karatasi ya bonasi ya mwaka uliopita, akaiweka kando ya hadithi. Akalinganisha jina lake huku na huku.

"Kwa hivyo huyu mwenye kofia ni yule yule a?"

"Ndiye, Kogo."

Akasoma jina lake. Kisha akasoma kilo zake, moja baada ya nyingine, bila msaada wa mtu.

Wanachama wenzangu, sisi hupenda kuandika ili tusifiwe. Kabla hujampa mtu karatasi yako, jiulize kwanza: je, ataweza kuisoma?