Uzi Mweupe Shavuni

Uvimbe usiouma haupelekwi hospitali. Hiyo ndiyo sheria isiyoandikwa katika nyumba nyingi za mjini, na kwa sheria hiyo shangazi yangu, fundi cherehani wa Magomeni, alikaa miaka tisa na kivimbe mbele ya sikio lake la kushoto. Kilianza kama punje ya hindi. Kilipofikia ukubwa wa ndimu alianza kuuvuta mtandio mpaka shavuni. Wateja waliona, wakanyamaza.

Kilichomzuia hakikuwa uzembe. Palikuwa na mama mmoja wa jirani aliyepasuliwa mahali pale pale, akarudi mdomo umekwenda upande, na jicho halifumbi hata usingizini. "Bora nife na uso wangu," shangazi alikuwa akisema.

Siku nilipomsindikiza kwa daktari mpasuaji ndipo nilipofahamu kwamba hofu ile ilikuwa na msingi wake. Ndugu msomaji unayeyakumbuka matubwitubwi ya utotoni, tezi hiyo waijua: ndiyo ile inayovimba mbele ya sikio na chini yake. Huitwa parotidi, nayo ni kubwa kupita tezi zote za mate. Uvimbe unaoota ndani yake, mara nane hivi katika kila kumi, si saratani. Lakini ule ulio wa kawaida zaidi una tabia mbili mbaya: ukiachwa miaka mingi waweza kugeuka saratani, na ganda lake likipasuka wakati wa kuondolewa huacha mbegu zinazoota upya.

Sasa, ndani ya tezi hiyo hiyo hupita mshipa wa fahamu wa uso. Hutoka katika fuvu nyuma ya sikio, huingia tezini kama shina, kisha hugawanyika matawi makuu matano: la paji, la kufumba jicho, la shavu na mdomo wa juu, la mdomo wa chini, na la shingo. Tawi likikatwa, misuli yake hulala. Chai humwagika pembeni mwa mdomo. Jicho lisilofumba hukauka, na laweza hata kupofuka.

Shangazi alisikiliza kama anavyomsikiliza mteja mgumu, kisha akauliza:

"Uzi huo una rangi gani, mwanangu?"

"Mweupe, mama. Kwenye shina una unene wa njiti ya kiberiti hivi. Matawi ni membamba zaidi."

"Na damu ikijaa, utauonaje?"

Swali hilo mimi, mwenye stashahada ya kuuliza maswali, sikuwa nimelifikiria. Daktari alieleza kwamba damu huzuiwa hatua kwa hatua, na kwamba mpasuaji hauendei uvimbe kwanza. Hupasua ngozi mbele ya sikio hadi shingoni, kisha hulitafuta shina kwa alama zisizohama: ncha ya gegedu la sikio, ambayo shina huwa kama sentimeta moja chini na ndani yake, na msuli unaoshuka kutoka mfupa wa nyuma ya sikio. Likishaonekana, hufuatwa tawi kwa tawi kuelekea mbele, nyama ya tezi ikinyanyuliwa juu yake. Hayes Martin wa Marekani aliitetea njia hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1952. Ziko hospitali zinazotumia pia chombo chenye sindano ndogo zinazochomwa katika misuli ya uso. Mshipa ukiguswa, chombo hulia. Hapo mtoa dawa ya usingizi huacha kuendeleza dawa ya kulegeza misuli, kwani msuli uliolegezwa haujibu. Hata hivyo chombo hakichukui nafasi ya macho na ujuzi.

"Kumbe ni kufumua mshono bila kukata kitambaa," shangazi akasema.

Daktari hakumwahidi miujiza, nami nilimheshimu kwa hilo. Alisema mshipa hata usipokatwa huweza kuzimia kwa majuma au miezi kwa kuguswa tu. Ulemavu wa kudumu ni nadra uvimbe usipokuwa saratani. Saratani ikiushika mshipa, huenda ikabidi ukatwe. Kipimo cha sindano nyembamba kilikwisha kuonyesha kwamba wa shangazi haukuwa saratani. Akatia sahihi.

Jioni ya siku ya kupasuliwa, daktari alisimama kitandani pake. "Nyanyua nyusi. Fumba macho. Nionyeshe meno." Nyusi zilipanda, macho yakafumba. Mdomo wa chini, upande wa kushoto, ulibaki nyuma. Hakuna aliyesema neno. Kwa majuma kadhaa alishona mlango ukiwa umerudishwa, akizungumza na wateja kwa mkato, na mimi nikihesabu siku. Katika mwezi wa tatu mdomo ulirudi mahali pake.

Yamebaki madogo. Ndewe la sikio lina ganzi. Hereni ilimdondoka sokoni bila yeye kujua. Tena akila achari ya ndimu, shavu lile hutoka jasho, kwa kuwa nyuzi za fahamu zilizokuwa zikiamsha tezi ya mate zimeota zikaingia katika tezi za jasho. Łucja Frey, daktari wa Poland, aliieleza hali hiyo mwaka 1923. Ipo sindano ya kuipunguza. Shangazi ameikataa, asema leso inamtosha, na achari haachi.