Kete Zinapogeuka Kona

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, binti yangu alikuwa gredi ya pili. Nilimketisha kwenye meza ya chakula, daftari mbele yake, na kila asubuhi nikamsimamia kama mwalimu mkali. Tulipofika 15 toa 7, alificha mikono chini ya meza ahesabu vidole. Vidole vikamwishia, akalia. Mimi nikapandisha sauti. Ile sauti yangu inaniuma hadi leo.

Mwezi wa Mei Mji wa Kale wa Mombasa ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Baraza zikabaki tupu. Baba yangu, ambaye kila alasiri yake ilikuwa ya bao, alikosa wa kucheza naye, akalitandika bao sebuleni na kumwita mjukuu. Sikupendezwa. Bao nililijua kuwa mchezo wa wazee, na mtoto alikuwa na hesabu zake za kumaliza.

Alimwanzishia bao la kujifunza: mashimo 32, kila shimo kete mbili. Zilikuwa komwe za kijivu, zimeng'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Kuzipanga ilikuwa kazi ya mtoto, na zisipotimia 64 alitambaa chini ya kochi mpaka aipate iliyopotea.

Siku moja baada ya Idi nilisimama mlangoni na sinia mkononi. Alikuwa amechota kete tano kutoka shimo la sita la safu ya mbele. Kumbuka, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu si yako tena. Basi hakuzimwaga. Alizifumbata, midomo ikamchezacheza.

"Usihesabu kwa mdomo, mamangu," baba akamwambia. "Tizama mashimo."

Akatizama. "Mbili zinamaliza mbele, zinageuka kona, tatu nyuma. Babu, silali!"

Usiku ule nilimuuliza tena 15 toa 7, taratibu, tukichambua mchele. Akafikiri kidogo. "Tano zinanifikisha kumi. Mbili nageuka nazo kona. Nane." Mikono yake miwili ilikuwa juu ya sinia.

Daftari nililiweka kabatini. Tukahesabu kwa mdako uani, vijiwe vingapi vimetoka shimoni, vingapi virudi; tukapima unga, vibaba vinne pishi moja, nusu pishi je? Sikumfundisha njia yoyote ya kutoa. Nilimwacha acheze, na nikajifunza kunyamaza anapofikiri, jambo lililonigharimu kuliko yote.

Tarehe 4 Januari 2021 akarudi darasani. Baba alikuwa amesharudi barazani, lakini kwa bao jipya; lile la zamani alimwachia mjukuu. Sasa mdogo wake ndiye anayelipanga, na jioni nikiingia sebuleni mara nyingi naona miguu tu, mwili mzima uko chini ya kochi.