Alama tano kwa neno moja

Najua nimeadimika, si kwa kupenda. Wiki mbili hizi ilikuwa msuli wa majaribio tu, na juu yake likazuka hili la insha, basi darasa letu la historia ya elimu limegawanyika mpaka watu wanabishana kwenye foleni ya kafeteria, sahani mkononi.

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida: eleza jinsi ubaguzi wa rangi ulivyojenga mfumo wa shule Tanganyika wakati wa Waingereza. Kila mwenye desa anajua mifupa ya jibu. Shule za Wazungu kivyake, za Wahindi kivyake, za Waafrika kivyake, mpaka ilipokuja sheria ya elimu ya 1961 na mfumo mmoja ukaanza Januari 1962. Insha ina alama 20, majaribio mawili 10 kila moja, jumla 40. Hapa kwetu ukipata chini ya 16 hukanyagi chumba cha mtihani wa mwisho.

Kimbembe ni neno la Kiingereza "native". Mwenzangu wa chumbani, ambaye mwaka jana alikula sapu mbili na hana tena nafasi ya kuchezea, alirudishiwa insha ina 9. Pembeni kalamu nyekundu imeandika kwamba neno hilo ni la kibaguzi, zimetolewa tano. Bila hizo angekuwa na 14. Majaribio yake alipata tatu na tatu (kila mtu alilia siku zile), kwa hiyo jumla ni 15. Piga hesabu mwenyewe. Semina ya upande wa pili, anakosahihisha mwalimu mwingine, dada mmoja kaliandika neno hilohilo mara saba, tulihesabu, na kapewa 16 kati ya 20 bila hata mstari chini yake.

Sasa nisieleweke vibaya. Mwalimu wetu ana hoja, tena nzito. Wakati serikali ya kikoloni inatunga sheria yake ya Native Authority mwaka 1926, wazee wetu hawakulichukua jina hilo. Mwaka 1929 walipoanzisha chama pale Dar es Salaam walikiita African Association, na TANU ya 1954 ikabeba neno hilohilo la Mwafrika. Kwa hiyo mtu anayeandika leo, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba "native" alifundishwa hiki na kile, amekaa kwenye kiti cha DC bila kujua. Hilo nakubali.

Lakini nilichukua insha ya jamaa nikaisoma mstari kwa mstari. Neno limetokea mara nne. Mara tatu ni jina la sheria au maneno ya wakoloni wenyewe, na kaweka alama za kunukuu kama tulivyofundishwa. Mara moja tu limemtoka yeye. Ile sheria ya 1926 utaiitaje jina lingine? Ukibadilisha jina la sheria si umeandika uongo kwenye insha ya historia?

Halafu kuna mwenzetu mmoja kutoka Tanga, wa asili ya Kihindi, yeye kaja na lake ambalo lilitunyamazisha wote kwenye kikundi. Kasema mbona neno "Asian" hakuna aliyekatwa hata nusu alama? Nalo ni sanduku la serikali ileile. Baada ya 1947, India na Pakistan zilipotengana, huku kwetu neno la Wahindi likaanza kupisha Waasia. "Babu yangu alilala Mhindi akaamka Mwasia, na duka lake lilikuwa palepale," ndivyo alivyosema. Na hata huko shuleni hawakuwa kitu kimoja, kulikuwa na shule za Waismailia, za Wahindu, za Wagoa. Yeye ukimwita Mhindi hakasiriki, anasikiliza sauti inayomwita. Mkatishaji tiketi wa daladala analitamka kama salamu, mwingine analitamka kama anatema mate.

Kinachoniuma mimi ni kwamba karatasi ya maelekezo ilitaja idadi ya maneno, ukubwa wa herufi, tarehe ya kukusanya. Kuhusu istilahi, kimya. Na muhula huuhuu tunafundishwa kwenye kozi ya upimaji kwamba karatasi moja ikipita kwa wasahihishaji wawili inatakiwa itoke na alama zinazokaribiana! Baraza la Mitihani pale wasahihishaji wanakaa kwanza na mwongozo mmoja, kila mtu anapewa swali lake analipitia kwenye karatasi zote, na juu ya karatasi kuna namba, hakuna jina. Sisi insha zetu zina majina matatu kamili pale juu.

Basi Jumatatu tukaenda ofisini watu watatu, mimi nikiwa kama kiongozi wa darasa (yangu ilikuwa 15, sikuwa na ugomvi nayo). Shikamoo, marahaba, tukakaa. Kusema kweli alitusikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Akasema, "Nyie mnakwenda kuwa walimu wa watoto wa watu, ndiyo maana nimekuwa mkali." Nikamjibu kwa adabu kwamba ukali hatuukatai, tunaomba uwe uleule kwa semina zote mbili na tuujue kabla ya kuandika. Akachukua insha za wale wawili akasoma upya mbele yetu. Jamaa yangu katolewa alama moja tu, kwa lile lililomtoka mwenyewe. Kapata 13, na mimi naona hiyo ndiyo haki yake.

Ila ni hao wawili tu walioenda. Nimepita vyumba nikakuta wengine 11 waliokatwa tano kwa neno hilohilo, na wengi wanaogopa kuonekana wakorofi wakati mtihani unakuja. Mmoja kaniambia bora sapu kuliko kujulikana jina. Alama zinapelekwa idarani Ijumaa. Nimeandika namba zao za usajili kwenye karatasi, bila majina, na kesho saa tatu asubuhi narudi pale ofisini. Nimemwomba yule dada wa semina ya pili anipe insha yake niende nayo, bado anafikiria.