Ngoma ya Watoto Haikeshi

Watu wa pwani, ambako nilizaliwa, wana methali isemayo kuwa ngoma ya watoto haikeshi. Aghalabu methali hii hutolewa kwa dharau. Shughuli ikianzwa na watu wasio na busara, au ushirika ukivunjika kabla ya wakati wake, mzee hutikisa kichwa na kuitamka, na kila asikiaye hufahamu kuwa jambo lile halikuwa na wakubwa wa kulisimamia. Nimeitumia methali hiyo kwa maana hiyo moja tangu ujana wangu. Nilipokuwa na umri wa miaka 44, katika uwanja wa shule mjini Mwanza, nilianza kuona kuwa methali ni kama kanga: ina upande wa pili, na si lazima upande wa pili uwe ndio mbaya. Nitaeleza jinsi ilivyokuwa, ingawa maelezo yenyewe hayanipi sifa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilizaliwa Pangani, nikaoa Usukuma, na binti yetu alikuwa na miaka 11, darasa la tano, shule yake ilipoanza kuandaa kikundi cha ngoma kwa ajili ya mashindano ya shule za msingi. Alichaguliwa kuwa katika safu ya mbele ya bugobogobo. Mama yake alifurahi kwa sababu ngoma ile ni ya watu wake. Mimi nilifurahi kwa sababu safu ile ilikuwa ya mbele. Tofauti ya furaha zetu ilikuwa ndogo kwa mtazamo wa siku ile, lakini ndiyo chanzo cha yote yaliyofuata.

Bugobogobo ni ngoma ya jembe, na asili yake ni shamba. Wasukuma walikuwa na vyama vya kulima kwa pamoja. Walimaji walijipanga safu moja, ngoma zikapigwa kando yao, na majembe yakapanda na kushuka kwa mwendo mmoja, hata kazi ambayo ingemchosha mtu mmoja siku nyingi ikamalizika kwa muda mfupi. Kilimo cha pamba kilipoenea katika karne ya 20, kazi ilizidi na vyama hivyo navyo vikazidi. Mlimaji hodari alirusha jembe juu, likazunguka hewani, akalidaka na kulishusha ardhini bila ya kukosa pigo la ngoma. Frank Gunderson, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2010 juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, ameonyesha jinsi wimbo na kilimo vilivyofungamana katika maisha ya watu hao. Mtoto achezaye bugobogobo uwanjani analima shamba lisiloonekana.

Hamu ya kushinda kwa ngoma haikuwa ngeni kwangu. Pwani yetu imeshindana kwa ngoma kwa muda mrefu. Wanawake wa Mombasa walishindana kwa lelemama, kikundi kimoja kikijaribu kukipita kingine kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa karamu, hata mali ikateketea. Wanaume walikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, yenye sare, gwaride na vyeo vya kifalme. Katika miji ya Tanganyika, Marini na Arinoti walipimana nguvu kwa miaka mingi, na Terence Ranger aliandika habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1975. Bibi yangu aliwahi kuniambia kuwa katika ujana wake mtu angeweza kusamehe deni, lakini si kushindwa kwa ngoma. Nilidhani anatania.

Huku Usukumani nako nilikuta mashindano yaliyo makubwa zaidi. Baba mkwe alinieleza habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo mapokeo yanasema vilianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha. Ushindani wao unaonekana hata leo kila mwezi wa Juni katika sherehe ya Bulabo, huko Bujora karibu na Kisesa. Kilichonishangaza zaidi ni kanuni ya kushinda. Vyama viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji huwa huru kwenda watakako. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Watu wenyewe ni mizani, nao hupima kwa miguu yao.

Mashindano ya shule hayana mizani hiyo. Yana majaji watatu, meza moja, na karatasi yenye vichwa vya habari: vazi, ala, mpangilio, ujumbe, muda. Jumla ni alama 100. Nilipoiona karatasi hiyo moyo wangu ulitulia, kwa maana ilizungumza lugha yangu. Nikaanza kumfundisha binti yangu nyumbani kila jioni. Nilichora mistari uani kwa chokaa. Nilihesabu mapigo kwa saa ya mkononi. Alipolidaka jembe sikusema neno. Alipolikosa nilimwambia aanze upya. Mama yake alikuja mlangoni mara mbili, akatazama, akarudi ndani. Baada ya majuma mawili mtoto alikuwa halikosi jembe hata kidogo, na alikuwa hatabasamu pia. La kwanza niliandika katika hesabu yangu, la pili sikuliandika.

Usiku wa kuamkia mashindano alikuja nilipokuwa nimeketi, akasimama kwa adabu mbele yangu.

“Baba, nakuomba kesho usije.”

Nilimwuliza sababu.

“Ukiwapo nakutazama wewe, siisikii ngoma.”

Nilimjibu kuwa nitafikiri. Kesho yake nilikwenda, nikasimama nyuma ya wazazi wengine chini ya mwembe, nikajidanganya kuwa mtu asiyeonekana ni sawa na mtu asiyekuja.

Kikundi chao kilikuwa cha nne. Watoto 12 waliingia kwa safu mbili, wamevaa kaniki na njuga miguuni, kila mmoja na jembe dogo la mti begani. Ngoma kubwa ilipolia niliisikia kifuani kabla ya kuisikia masikioni. Walicheza vizuri kuliko nilivyotazamia. Vumbi lilipanda mpaka magotini, nyimbo zikajibizana, na wazee waliokuwa wameketi upande wa pili walianza kutikisa mabega. Kisha, katika dakika ya tano, binti yangu aliinua macho na kuniona.

Majembe 12 yalipanda. 11 yalirudi mikononi. Lake lilimgonga kidole, likaanguka mbele yake, karibu na mguu. Mwenzake aliyekuwa kulia hakusita. Alitoka katika nafasi yake kwa hatua moja, akainama pamoja na pigo la ngoma kama mtu aokotaye gugu, akaliokota jembe kwa mkono wa kushoto, akamrushia. Binti yangu akalidaka. Umati ulipasuka kwa vigelegele. Wazee wale waliondoka katika viti vyao wakasogea karibu, na hata wauza maji na karanga waliokuwa langoni waliacha biashara zao wakaja kutazama. Ngoma iliendelea hata mwisho.

Walipata alama 81. Shule ya kwanza ilipata 83, nayo peke yake ndiyo iliyokwenda katika ngazi iliyofuata. Mkuu wa majaji alieleza kwa upole kuwa kikundi kilipungukiwa katika mpangilio, kwa sababu mchezaji mmoja aliacha nafasi yake na safu ikavunjika. Kwa mujibu wa karatasi yake hakukosea.

Nilikwenda mezani. Mtu aliyezoea kusikilizwa na wanafunzi 60 ana sauti isiyofaa mahali pengine, nami nilikwenda na sauti hiyo. Nilisema kuwa si haki kikundi kizima kiadhibiwe kwa kosa la mtoto mmoja aliyeshindwa kukaa mahali pake. Nikanyosha kidole. Watoto walikuwa wameketi chini, hatua chache kutoka pale, wakinywa maji. Yule niliyemnyoshea kidole aliinamisha macho akaanza kufungua njuga zake. Mama yake, ambaye huuza dagaa katika soko la Mwaloni, alikuwa amesimama nyuma yangu na sikumjua. Binti yangu hakulia. Alinyanyuka, akamshika mwenzake mkono, wakaondoka pamoja. Nilirudi nyumbani peke yangu.

Kabla ya magharibi nilisikia vicheko uani. Binti yangu alikuwa pamoja na watoto wa majirani, mmojawapo akisoma katika ile shule iliyowashinda, nao walikuwa wakirusha miko ya jikoni badala ya majembe. Mwiko ulipoanguka, aliyekuwa karibu aliuokota. Michoro yangu ya chokaa ilikuwa chini ya miguu yao, imefutika nusu.

Usiku alikuja kuniaga. “Baba,” akasema, “lililoanguka lilikuwa jembe langu.” Hakuongeza neno. Akaenda kulala, na baada ya muda mfupi nikaisikia pumzi yake ikienda kwa utulivu nyuma ya ukuta.

Mimi sikulala. Nilitoa 81 katika 83 mara nyingi kuliko inavyohitajiwa na mwalimu wa hesabu. Nikajifariji kwa kanuni ya Bagika na Bagalu. Kwa kipimo cha wazee wale waliosogea, kwa kipimo cha wauza karanga, tungeshinda. Faraja hiyo ilidumu mpaka nilipojiuliza swali moja: kama umati ungetupa kisogo na majaji wakatupa 90, je, ningeililia mizani ya kale? Hasha. Ningeisifu karatasi. Sikuwa natafuta kipimo kilicho bora. Nilikuwa natafuta kipimo kilicho upande wangu. Na jambo lililovuta wazee kutoka katika viti vyao ni lilelile nililolinyoshea kidole.

Asubuhi nilikwenda Mwaloni. Yule mama alikuwa akipima dagaa kwa kopo, na binti yake akimshikia mfuko. Mtoto aliponiona alisema, “Shikamoo, mwalimu.” Katika maisha yangu nimeitikia salamu hiyo mara zisizo na idadi. Siku ile neno marahaba lilikwama kooni, kwa maana heshima ni deni, nami nilikuwa nimeipokea nisiyostahili. Nilipoweza kusema, nilimwomba radhi mama, kisha nikamwomba radhi mtoto, mbele ya wateja. Kwetu si desturi mkubwa kumwomba radhi mdogo, na jambo lisilo desturi huuma ulimi.

Nilimwuliza mtoto kwa nini alitoka katika nafasi yake, hali alijua kuwa alama zitapungua.

“Angejikwaa,” akajibu, kama mtu aliyeulizwa swali la bure.

Mama yake alimimina kopo la mwisho, akanitazama usoni. “Mwalimu, ngoma ya watoto haikeshi,” akasema. “Hawa walikwisha kusahau tangu jana jioni. Macho yako wewe ndiyo mekundu.”

Niliisikia methali ya kwetu ikirudi kwangu kutoka ufukweni mwa ziwa, imevaliwa upande wa ndani. Kutokesha kwa ngoma ya watoto nilikuwa nimekuhesabu kuwa ni upungufu wao. Sasa naona huenda ikawa ndiyo akili yao. Mtoto hucheza maadamu ngoma inalia. Ikinyamaza, huweka jembe chini na kumshika mwenzake mkono. Wakubwa ndio tunaoichukua ngoma iliyokwisha tukaenda nayo vitandani, tukaipiga gizani mpaka alfajiri, kisha tukaiita malezi. Mashindano si mabaya, na karatasi ya majaji si adui. Bila ya kitu cha kushindania huenda watoto wale wasingejifunza ngoma ya babu zao. Ubaya huingia pale mzazi anapopanda uwanjani kwa miguu ya mtoto.

Mwaka uliofuata binti yangu hakuwekwa safu ya mbele. Aliomba kupiga ngoma. Aliniruhusu kuja kwa sharti kwamba niketi mahali anapoweza kunisahau. Niliketi kando ya mama muuza dagaa, tukagawana karanga. Walicheza wakamaliza, watu wakashangilia, alama zikatangazwa.

Alama za mwaka huo sizikumbuki. Lakini 81 na 83 nazikumbuka hadi leo, na usiku mwingine ninapokosa usingizi hunijia zenyewe. Ngoma ya watoto ilikwisha siku ileile kabla ya magharibi. Yangu bado inalia kwa mbali, nami najitahidi kuinyamazisha.