Insha ya Dakika 40

Kabla ya 1985, Kiswahili hakikuwa na nafasi katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi nchini Kenya. Mtihani huo, CPE, ulipima Kiingereza, Hesabu na maarifa ya jumla, basi. Mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa Mutomo, Kitui, aliyefundisha ng'ambo ya mto Athi huko Kibwezi, Makueni, anakumbuka vipindi vya Kiswahili vikimezwa na Hesabu kila muhula wa tatu ulipobisha hodi. Nyumbani watoto walizungumza Kikamba. Kiswahili walikiokota sokoni na kwenye kituo cha reli.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulileta mtihani mpya, KCPE, na Kiswahili kikawa somo la lazima, lenye alama. Mwalimu wa Kiswahili akaanza kutafutwa.

Heshima hiyo mpya ilikuja na gharama yake. Insha ilitengewa dakika 40 na alama 40, na walimu wakagundua upesi kuwa vianzio vya kukariri vinalipa. Mwanafunzi wa Kibwezi, ambako mvua ikikosekana misimu miwili watu huchimba maji mchangani, aliandika kuhusu upepo mwanana, ndege wakitumbuiza na umande majanini. Mwalimu huyo alisahihisha insha hizo kwa mafungu. Kila daftari asubuhi ile ile! Watoto waliokuwa na mengi ya kusimulia walifunzwa kutoyasimulia.

Mwaka 2001 masomo yaliyotahiniwa yalipunguzwa kutoka saba hadi matano na jumla ya alama ikashuka kutoka 700 hadi 500. Muziki haukutahiniwa tena, na nyimbo zikanyamaza madarasani. Shule zilishindania nafasi kwenye orodha za matokeo magazetini; katika moja aliyofundisha mwalimu huyo, wanafunzi dhaifu walilazimishwa kurudia darasa la saba ili wastani usishuke. Hilo lilimuuma kuliko yote. Serikali ilipiga marufuku orodha hizo mwishoni mwa 2014.

KCPE ya mwisho ilifanywa kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 2023, na watahiniwa zaidi ya milioni 1.4. Tathmini mpya ya KPSEA, iliyoanza 2022 kwa wanafunzi wa gredi ya sita, ilipangwa kubeba asilimia 40 tu ya alama, nazo 60 zitoke kwenye tathmini za shuleni za gredi ya nne, tano na sita. Mwalimu anaupenda mpango huo. Anachouliza ni nani atakayesoma insha zote hizo kwa makini darasani, ikiwa mwalimu ni mmoja, wanafunzi wamebanana dawatini, na alama zinasubiriwa kwenye tovuti ya baraza la mitihani, KNEC.